Bei ya Kimya

Bibi yangu huishika simu kama mtu aliyepewa kipande cha muhogo kilichotoka jikoni sasa hivi: kwa ncha za vidole, mbali kidogo na mdomo, kidole gumba kimekaza kwenye alama ya maikrofoni kwa nguvu zake zote. Mjukuu wake wa mwisho, kijana wa kidato cha pili, amekaa kando yake mkekani. "Shikilia, Bibi. Usiachie." Bibi hamjibu. Keshaanza.

"Salaam aleikum, mwanangu."

Halafu hunyamaza. Hajasahau la kusema, anangoja aitikiwe. Zinapita sekunde mbili, tatu. Jogoo anawika nyuma ya banda, pikipiki inapita barabarani kuelekea Msambweni mjini, na simu inayachukua yote hayo. "Hujambo?" Anangoja. "Kazi haijambo? Hao matajiri wako hawajambo?" Anangoja tena, kisha, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kujibiwa, anasema, "Haya, alhamdulillahi." Hapo ndipo anapoingia kwenye habari yenyewe: masika yamechelewa, minazi ya upande wa chini imeingia mdudu, mjomba juzi kapata ngisi mpaka akagawa.

Sauti hiyo inakwenda Imarati, kwa mtoto wa mama yangu mdogo, ambaye nyumbani sote twamwita Dada. Mwaka wa tatu sasa anafanya kazi katika nyumba ya watu. Huko kupiga simu kwa WhatsApp kumefungwa, lakini ujumbe wa sauti unapita, kwa hiyo maongezi yao ni ya kupokezana: Bibi husema asubuhi, Dada hujibu usiku akimaliza vyombo. Nimekuwa nikizisikiliza jumbe hizi kwa muda mrefu, na kinachonishika kila mara ni ile nafasi Bibi anayoiacha baada ya salamu. Umri wangu unaniruhusu kukumbuka wakati ambapo nafasi kama hiyo, kwenye simu, ilikuwa inalipiwa.

Utotoni mwangu simu ilikuwa mahali pa kwenda. Ilikuwa kibanda cha Shirika la Posta na Simu, mlango wake haufungiki sawasawa, na foleni ya watu nje wanaojifanya hawasikii. Baba mkubwa alikuwa Muscat. Barua yake ilitangulia: Jumamosi fulani, saa nne, muwepo. Tulioga, tukavaa, tukaenda. Sauti yake ilipanda hadi kwenye setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu ya ikweta, ikashukia kituo cha Longonot kule Bonde la Ufa, kilichofunguliwa mwaka 1970, ndipo ikashika waya wa kuja pwani. Mwendo huo wa mbinguni, kwenda na kurudi, hula kama nusu sekunde. Ni kidogo, ila katika salamu ni nyingi. Mtu akisema "hujambo" asisikie kitu, hudhani hakusikika, hurudia, na jibu la kwanza linagongana na swali la pili. Bibi alikuwa mmoja wa wachache walioielewa simu ile. "Mngojeeni," alituambia, mkono juu ya kipaza sauti. "Sauti yake iko njiani."

Mwaka 1999 shirika lile likavunjwa, Posta upande wake na Telkom upande wake, na kufikia mwaka 2000 tulikuwa na kampuni mbili za simu za mkononi, Safaricom na Kencell. Kencell imebadilisha nguo mara nyingi tangu hapo: Celtel, Zain, sasa Airtel. Minara ikaanza kuota kando ya barabara ya Lunga Lunga, nasi tukaiita busta. Busta ya kwanza tuliyoipata ilikuwa mbali, kwa hiyo simu ikabaki kuwa mahali, ila safari hii palikuwa chini ya mwembe mmoja karibu na ukingo wa bahari. Jioni ungekuta watu sita wamesimama pale, kila mmoja amegeukia upande wake, na mmoja aliyepanda kwenye tawi.

Dakika moja ilikuwa karibu shilingi 30. Uliponunua kredo ya 100 kwa kuikwaruza kadi, ulijua una dakika tatu na kidogo, na salamu zetu pekee huhitaji mbili. Safaricom ilipata wateja wengi kwa kutoza kwa sekunde badala ya dakika nzima, na hilo lilikuwa jambo jema kwa mtu maskini. Lakini sekunde huhesabika hata usiposema. Mtambo wa kizazi cha pili, 2G, unaendeshwa hivi: wimbi moja hukatwa vipande vinane vya muda, vinavyozunguka kwa kasi kiasi cha sikio kutotambua, na ukiunganishwa na mwenzio unatengewa kimoja. Ni chako mpaka mkate. Ukisema, ukicheka, ukilia, ukimngoja mzee atafute neno lake, mita inakwenda kwa bei ile ile. Tulikuwa tukinunua kimya kwa bei ya maneno.

Basi tukaacha kukinunua. Nilizisikia salamu zikifa kwa masikio yangu, mimi mwenyewe nikiwa mmoja wa waliozikata. "Bibi, sema haraka, kredo inaisha." Mwanamke ambaye hakuwahi kumuuliza mtu shida yake kabla ya kumuuliza hali ya watoto wake alijifunza kuanza na shida. Tukabuni njia za kusema bila kulipa: kuflashi, yaani kupiga na kukata kabla haijapokewa. Mara moja maana yake nimefika stendi, mara mbili njoo unichukue. Ilikuwa lugha kamili, nayo ilikuwa na heshima yake, kwamba mdogo humflashi mkubwa na mkubwa ndiye hupiga. Michael Joseph, aliyeiongoza Safaricom kwa miaka yake kumi ya kwanza, aliwahi kusema kwamba Wakenya wana tabia za ajabu za kupiga simu, na nchi nzima ikakasirika. Mimi niliumia pia. Tabia ile haikuwa ya ajabu hata kidogo. Ilikuwa sura ya bei. Bei ilitukata maneno, sisi tukajishonea kwa vitambaa vilivyobaki.

Agosti 2010 bei ikaanguka. Tume ya mawasiliano ilipunguza malipo ambayo kampuni moja huilipa nyingine kwa kupokea simu zake, kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21, na papo hapo Zain ikashusha dakika hadi shilingi 3; wengine wakafuata. Wiki ile pale chini ya mwembe watu walizungumza mpaka giza. Nakumbuka mzee mmoja aliyekaa kitako, mgongo kwenye shina, amenyamaza, simu sikioni. Tulimuuliza kama amekatikiwa. Akatikisa kichwa. Nduguye wa Likoni alikuwa anakohoa, naye anamngoja amalize.

Lakini kilichokuja kuibadilisha biashara yenyewe kilikuwa kimekwisha kutua Mombasa mwaka mmoja kabla, bila sisi wa kusini kukitambua. Juni 2009 ulifika waya wa TEAMS, uliolazwa chini ya bahari takriban kilomita 5,000 kutoka Fujairah, na mwezi uliofuata ukaanza kazi ule wa SEACOM. Fujairah iko Imarati. Mababu wa pwani hii waliijua safari hiyo kwa pepo: majahazi ya Ghuba yakija na kaskazi, yakiondoka na kusi, na anayekuaga leo akitarajiwa mwakani. Mwanga ndani ya nyuzi zile za kioo huumaliza mwendo huo kwa sehemu moja ya arubaini ya sekunde. Setilaiti ikabaki kwa wasio na njia nyingine.

Mwaka 2011 ikaja IDEOS, simu janja ya Huawei iliyouzwa na Safaricom kwa karibu shilingi 8,000, na kwa mara ya kwanza niliiona intaneti mkononi mwa mtu asiye na ofisi: dereva wa matatu ya Ukunda. Mwaka 2013 WhatsApp ikaongeza kitufe cha maikrofoni. Desemba 2014 Safaricom ikawasha 4G. Hapo ndipo kampuni ya simu ilipoacha kuwa muuza sauti, ikawa muuza bando. Sauti leo ni mzigo mmoja ndani ya gunia, pamoja na picha, mawaidha ya sheikh, mechi, na bei ya samaki. Inakatwa vipande, kila kipande kinaandikwa anwani, vinakwenda kila kimoja na njia yake na kupangwa upya vikifika. Katika mpangilio huo, kimya hakina uzito. Dakika nzima ya sauti ya Bibi haifiki megabaiti moja, na zile sekunde anazongoja ni karibu bure.

Salamu zikarudi. Sina namna nyingine ya kulisema, na sijui kama yeyote aliyechora mitambo hii alilikusudia. Kitu kilichoharakisha kila kitu ndicho kilichomrudishia Bibi polepole yake.

Kilimrudishia na lugha. Sisi ni Wadigo, na Bibi hakwenda shule. Enzi za SMS, herufi 160 kwa ujumbe, kila habari ilimfikia kwa Kiswahili cha mkato na kwa mdomo wa mtoto. Fikiria hilo kidogo. Binti yake akiwa na shida katika ndoa aliandika, na aliyesoma kwa sauti barazani alikuwa mtoto wa miaka kumi, akikwama kwenye maneno ambayo hayakuwa ya umri wake. Kisha Bibi alitunga jibu, mtoto akaliandika kwa Kiswahili cha shule, fupi, kavu, na Bibi hakuwa na njia ya kujua kilichokwenda. Miaka yote hiyo hakuwa na siri hata moja na wanawe walio mbali. Tulisema simu imewaunganisha wazee na watoto wao, nasi tulikuwa tumewaweka wakalimani katikati.

Chidigo kinaandikika; mwaka 2004 ilitoka kamusi yake, Mgombato, kwa Chidigo, Kiingereza na Kiswahili, na ninayo. Lakini kukiandika kwenye simu ni vita na kibodi, inayoyaona maneno yetu kuwa makosa na kuyabadilisha. Kwa sauti hakuna vita. Bibi anabonyeza na kusema. Katika Chidigo, kusema ni kugomba, neno ambalo kwa Kiswahili limebaki na ukali wake tu, kugombana na kugombeza. Kwetu ni maongezi ya kawaida, ya kumwambia mtu habari. Sasa Bibi anagomba na mjukuu wake faraghani. Akitaka, humwambia kijana aondoke, na kijana huondoka kwa sababu kazi yake imekwisha kwenye kubonyeza. Siku ya kwanza nilipomwona ameingia chumbani na simu, akafunga mlango, nilisimama uani nikajikuta natokwa na machozi.

Najua si kila mmoja nyumbani amefaidika hivyo. Mjomba hataki simu janja. Ana kabambe yenye tochi, betri yake inakaa juma zima, na anaifunga ndani ya mifuko miwili ya nailoni anapotoka na ngalawa. Nilikuwa nikimwona mkaidi mpaka aliponieleza hesabu yake. Huko nje, anasema, ukienda mbali simu za vijana hufa mapema, yake huendelea kushika. Kuna sababu. Ili simu ibebe mambo mengi kwa kasi, mitambo mipya hutumia mawimbi mafupi, na mawimbi mafupi hayafiki mbali. 5G, iliyoanza kuuzwa nchini mwaka 2022, ina mkono mfupi kuliko wote. 2G inafika. Mpaka wake wa kawaida ni kilomita 35, na mpaka huo ni wa saa kuliko wa nguvu: ukivuka hapo sauti yako inachelewa kuufikia mnara, na kile kipande chako cha muda, kimoja katika vinane, kinakuwa kimekwisha kupita. Wavuvi wa Pemba wanaokuja kupiga dago, kambi zao za uvuvi, kwetu hutembea na laini mbili, ya kwao na ya kwetu, na ukielekea Vanga simu yenyewe huanza kukukaribisha Tanzania kabla hujauona mpaka. Mjomba huyajua maji yale kwa miamba, kwa mikondo, na sasa kwa minara. "Mimi nataka nikizama nisikike," aliniambia. "Picha ya nini?"

Ukitaka kuuona mgawanyiko huo kwa macho, panda gari Diani uende Kinango, uitazame kona ya juu ya kioo cha simu yako. Kwenye barabara ya hoteli, ambako siku hizi wageni hukodi nyumba na kufanya kazi za ng'ambo wakiwa na mchanga miguuni, alama ni ya kasi ya juu. Ukipanda Kwale inashuka. Ukishuka upande wa pili wa vilima, kwenye ukame na mbuzi, unabaki na herufi E, na ujumbe wa sauti unazunguka kiduara chake kama ng'ombe wa kinu. Wanaoishi huko hulipa shilingi zile zile kwa bando lile lile. Muda wake ukifika linakufa sawa na la Diani, likiwa nusu halijatumika kwa kukosa njia. Tangu mwaka 2019 kuna bando lisilo na mwisho wa muda, lakini linaloonekana rahisi kwa mtu mwenye shilingi 20 mfukoni ni lile la saa moja au la siku, na ndilo analonunua. Linanichoma hili kuliko minara yenyewe. Zamani tulilipia kimya. Sasa tunalipia muda ambao hata kimya hatukukitumia.

Mama mdogo, mamake Dada, anauza mahamri na mbaazi Ukunda. Oktoba 2023 kiwanda cha simu kilifunguliwa Athi River, na simu janja ya bei ya chini kabisa kutoka pale ilitangazwa kwa shilingi 7,499. Ilisifiwa kuwa nafuu, na ni kweli ukiilinganisha na nyingine. Kwa muuza hamri moja shilingi 10 ni mahamri 750, kabla hujatoa unga, mafuta, nazi na makaa. Kwa hiyo yeye alichukua ya mkopo kwa kampuni moja, kwa kulipa kidogo kidogo kila siku. Simu za namna hiyo zina kufuli ndani yake: siku usipolipa, kioo kinageuka kuwa tangazo la deni na hakuna kingine kinachofunguka. Mwaka jana mvua ilinyesha siku nne mfululizo, kijiwe kikajaa maji, mahamri hayakuuzika. Simu ikajifunga.

Siku nne hizo Dada alituma sauti, na kila moja ilibaki na tiki moja. Alidhani mama yake anaumwa. Alidhani mengine mabaya zaidi. Huku, mama mdogo alikuwa na simu nzima mkononi, betri imejaa, mtandao upo, na sauti za mtoto wake zote za mwaka mzima zimo mle ndani, hawezi kuzifikia. Alikuja kwetu kwa miguu kutoka stendi, analia, akamkuta Bibi amekwisha kuzipokea salamu kwa niaba yake. Ninaelewa kwamba mkopo ni mkopo na anayekopesha ataka chake. Lakini zamani deni lilichukua cherehani au baiskeli. Halikuwahi kuchukua sauti ya mtoto.

Jumapili ya Mei 12, 2024, ilikuwa zamu ya kila mtu. Nyaya mbili, EASSy na SEACOM, zilikatika chini ya bahari huko kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikazimia. Bibi alisema yake asubuhi kama kawaida. Kando ya ujumbe ikakaa ile saa ndogo ya kusubiri, ikakaa, ikakaa. "Haiondoki," kijana alisema. Bibi akauliza kama mwenzake kule amekataa kuipokea. Hatimaye nikaweka kredo, nikapiga simu ya kawaida ya ng'ambo, na ikalia! Dada akapokea akiwa na hofu, kwa sababu simu ya namna hiyo siku hizi ni ya msiba. Nikampa Bibi.

"Salaam aleikum, mwanangu," akasema, akangoja.

"Aleikum salaam, Bibi. Shikamoo."

Bibi akaitazama simu. Alikuwa hajajibiwa papo kwa papo kwa miezi mingi. "Marahaba," akasema, tena taratibu, "marahaba, mwanangu," halafu wote wawili wakakosa la kusema, na mimi nikiwa nimesimama pale nikaanza, aibu iliyoje, kuzihesabu sekunde. Kredo ikaisha wakiwa bado wananyamaziana.

Kuna neno nimelikwepa tangu nilipoanza. Miaka ile ya mwanzo, ukimpigia mtu ambaye simu yake imezimwa, sauti ya mwanamke ilikwambia kwamba mteja hapatikani. Wengine husema hapo ndipo pwani ilipopata jina la teja, la kijana aliyenaswa na unga: yupo, unamwona barazani, ila ukimwita hapatikani. Ukunda na Diani tunao wengi, nami nimesoma darasa moja na baadhi yao. Jirani yetu mmoja ana mwanawe aliye hivyo. Mtandao wa kasi umempa huyu mama kitu ambacho mama wa zamani hakuwa nacho: ule mstari mdogo chini ya jina, unaosema mtu alikuwa mtandaoni mara ya mwisho saa ngapi. Huamka kabla ya alfajiri kuutazama. Saa tisa na dakika kumi. Maana yake saa tisa na dakika kumi alikuwa hai. Hamtumii neno, kwa kuwa akitumiwa hujificha. Anautazama mstari, anatawadha, anaswali.

Sauti ikihifadhika inakuwa shahidi, na hilo nalo tumelijua karibuni. Zamani maneno ya hasira yaliondoka na upepo, na wazee walipokaa kusuluhisha walikuwa na nafasi ya kuyasahau kwa makusudi. Sasa mtu anaitoa simu mfukoni, anaiweka mkekani, anabonyeza, na maneno ya mwaka juzi yanasemwa upya na mdomo ule ule kwa ghadhabu ile ile. Nimeona ndoa ikivunjika mara ya pili kwa njia hiyo. Nimeona pia shamba la minazi likirudi kwa mwenyewe, kwa kuwa mzee kabla ya kufariki aliutaja mpaka kwa sauti yake, mti kwa mti. Bibi ametuwekea sharti: akiwa amekasirika, hakuna kumshikia simu. Yeye husema na hao walio mbali akiwa ameshaoga na kunywa chai.

Wiki iliyopita nilimkuta kijana akiusikiliza ujumbe wa Bibi baada ya kutumwa, kuhakikisha umeshika. Aliuweka kwa kasi mara mbili. Sauti ya Bibi ilikuwa kama ya ndege, na zile sekunde za kungoja zilikuwa zimekunjwa hata huwezi kuzitambua. Salamu zilifuatana kama orodha ya dukani. Nilimwambia aurudishe kwenye mwendo wake. Akauliza kwa nini, habari ni ile ile. Sikuwa na jibu tayari, kwa hiyo usiku nikamuuliza Dada yeye huusikilizaje.

Alinijibu kwa sauti, kutoka jikoni, maji ya bomba yakisikika. Alisema huweka simu juu ya rafu ya sahani, kwa mwendo wa kawaida, na matajiri wakiwa wamelala. Bibi akisema salaam aleikum, yeye huitikia. Akiulizwa hujambo, husema sijambo, Bibi, shikamoo. Akiulizwa kazi, hujibu ukweli, kwa Chidigo, maana hakuna wa kumsikia. Nafasi huwa inatosha, alisema. Mara moja tu aliwahi kuchelewa, alikuwa na sufuria nzito mikononi, na Bibi akawa amekwisha kupita kwenye alhamdulillahi. Aliiweka sufuria chini, akaurudisha ujumbe mwanzo.